Msamaha upi? Barua ya mbunge kwa mama wa kijana aliyekwepa Vietnam

Kazi yangu ni kuorodhesha barua za zamani za wanasiasa. Wiki hii nimeshika ya mbunge mmoja wa Marekani, ya mwaka 1972. Anamjibu mama wa jimboni kwake ambaye mwanawe amekimbilia Kanada asipelekwe Vietnam. Anamwambia anaunga mkono vijana hao wasamehewe, kisha ametia saini.

Naanza na saini. Ofisi nyingi za wabunge Washington zilikuwa na mashine ya kusaini: kalamu ni ya kweli na wino ni wa kweli, ila mkono ni wa chuma. Kalamu hiyo hukandamiza sawasawa mwanzo hadi mwisho. Ukipata barua mbili za mashine moja, ziweke juu ya kioo chenye taa chini yake: saini zinalaliana bila kupishana, jambo ambalo mkono wa mtu hauwezi. Hii yangu ni ya mkono. Wino umevilia kwenye mkia wa herufi ya mwisho. Bahasha nayo haina stempu. Pembeni, mahali pa stempu, pamechapwa saini ya mbunge, kwa kuwa barua zake za kazi husafirishwa bila yeye kulipia. Jamani, bahasha msizitupe.

Baada ya saini natafuta neno. Sisi tukishasema msamaha tumemaliza, lakini Wamarekani wa wakati ule waligombana juu ya maneno mawili. Amnesty lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kusahau: serikali inafuta shauri kana kwamba halikuwahi kuwapo. Pardon linasema kosa lilitendeka, ila limesamehewe. Mzazi wa kijana aliyeamini vita ile ni dhuluma hakutaka mwanawe asamehewe. Alitaka isemwe kwamba hakukosa.

Kwa hiyo ndani ya barua nasaka masharti. Seneta Robert Taft Mdogo wa Ohio, wa chama cha Republican, alipeleka muswada mwaka 1971: vijana warudi, lakini watumikie taifa miaka mitatu. Mbunge Bella Abzug wa New York alitaka msamaha usio na sharti lolote, hata kwa watoro, yaani wale walioingia jeshini kisha wakatoroka. Hapo ndipo wanasiasa wengi walipokuwa wanatetereka. Aliyekataa kuandikishwa mara nyingi alikuwa kijana aliyesoma, mwenye wazazi wa kuandika barua Washington. Mtoro aghalabu alikuwa mtoto wa maskini, na nani angemwandikia?

Rais Ford alitangaza mpango wake tarehe 16 Septemba 1974: rudi, ula kiapo cha utii, ufanye kazi ya umma hadi miezi 24. Siku nane tu kabla yake alikuwa amemsamehe Nixon, rais aliyemtangulia, bila kumdai hata siku moja ya kazi. Waliokuwa Kanada walichukia, na wengi wakaupa mpango huo kisogo.

Jimmy Carter, akiwa mgombea urais, alizomewa Seattle, Agosti 1976, alipowaambia maveterani wa American Legion kwamba angewasamehe waliokwepa, na akawafafanulia tofauti ya maneno yale mawili. Aliapishwa Januari 20, 1977, na kesho yake akatia saini msamaha. Msamaha huo uligusa makosa ya kukwepa uandikishaji kati ya Agosti 4, 1964 na Machi 28, 1973. Watoro hawakuwemo.

Huwa naulizwa kuhusu bondia Muhammad Ali. Yeye hakukimbia: alikataa hadharani kuingizwa jeshini, Houston, Aprili 28, 1967, akahukumiwa miaka mitano, akakata rufaa akiwa nje kwa dhamana, na Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta hukumu hiyo Juni 1971. Alishinda kesi, kwa hiyo msamaha wa Carter haukumhusu.

Nirudi kwa barua yangu. Ilikunjwa mara mbili ili iingie kwenye bahasha, na mikunjo imechakaa hadi inapitisha mwanga. Huyo mama aliifungua mara nyingi. Daftari langu binafsi naliandika kwa Kiswahili. Kwenye safu ya mada niliandika "msamaha", nikaona haitoshi, nikaongeza: "bila masharti, watoro hawakutajwa."