Tembo wa Udongo Kwenye Korongo: Dhana Potofu Kuhusu Picha za Kuunganisha

Tembo alikuwa wa udongo wa mfinyanzi, kimo chake sentimita 15 kutoka nyayo hadi bega. Mwanafunzi aliyemfinyanga alitaka kutengeneza picha ya kuunganisha, yaani picha kadhaa zilizopigwa mbalimbali zikawekwa pamoja kuwa moja, ya hadithi inayojulikana na karibu kila mtoto aliyekulia Dodoma: tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope, Wagogo wakapaita mahali pale idodomya, palipodidimia. Kati ya kazi zote nilizoletewa mwaka ule, hilo ndilo wazo lililonifurahisha zaidi. Wenzake walikuwa wananiletea mabawa ya malaika juu ya Nyerere Square.

Picha ikaja. Tembo yupo, korongo lipo, watu wanakimbia, na bado jicho linakataa. Nikamuuliza kulikoni. "Hizo kasoro ndogo ndogo tutazimalizia kwenye kompyuta, mwalimu."

Basi tuanzie hapo, maana hiyo ndiyo dhana inayoharibu kazi nyingi kuliko nyingine zote. Kompyuta inaweza kubadilisha rangi, kukata na kufifisha. Kuhamisha mahali uliposimama wakati unapiga, haiwezi. Korongo alilipiga akiwa wima, kamera ikiwa kama mita 1.5 kutoka ardhini. Tembo akampiga juu ya meza, yeye akiwa amesimama vilevile, kwa hiyo mgongo wote wa tembo ulionekana kama unautazama kutoka kwenye dari. Hakuna programu itakayousawazisha mgongo ule na korongo lile.

Dawa yake ni hesabu ya darasa la nne. Tembo dume mzima hufika mita 3 begani, au zaidi kidogo. Wa kwetu ana sentimita 15. Hiyo ni moja kwa ishirini, basi kila kipimo kigawe kwa 20. Kimo cha kamera, mita 1.5, kinakuwa sentimita 7.5 juu ya meza. Kama tembo anatakiwa aonekane yuko mita 10 mbele ya mpigapicha, simu ikae nusu mita kutoka kwake. Kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na anga, utamkata tembo aliyesimama katikati ya kimo chake, awe karibu au mbali. Akishazama hadi tumboni, mstari huohuo utampita karibu na mgongo.

Kuna waliofundishwa kwamba hayo ni mambo ya lenzi. Ukisimama palepale ukabadilisha lenzi, uwiano wa vitu vya mbele na vya nyuma haubadiliki. Kinachobadilika ni kiasi cha mandhari kinachoingia kwenye fremu. Uwiano hubadilishwa na miguu yako.

Kosa la pili lilinichekesha kidogo. Ili picha iwe "ya kweli", mwanafunzi wetu alibeba mchanga wa korongo lenyewe kwenye mfuko wa rambo na kuumwaga mezani kumzunguka tembo. Mchanga halisi, ndiyo, lakini punje ya milimita 2 ukiizidisha kwa 20 ni jiwe la sentimita 4. Tembo akaonekana amezama kwenye kokoto. Alichohitaji ni vumbi lililopitishwa kwenye chekecheke la unga, na Dodoma mwezi wa Agosti vumbi huna haja ya kulitafuta, linakufuata ndani.

"Saa ni ileile, kwa hiyo mwanga ni uleule." Hii inawanasa hata watu makini. Korongo lilipigwa Juni saa tisa alasiri. Watu wanaokimbia walitoka kwenye picha zake za Desemba, saa tisa hiyohiyo. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini. Alasiri ya Juni vivuli vinalala kuelekea kusini-mashariki, ya Desemba vinaelekea kaskazini-mashariki. Mwanzoni mwa Machi na kwenye wiki ya pili ya Oktoba, jua la mchana linakuwa karibu utosini kabisa na kivuli kinajificha chini ya miguu. Simika kijiti ardhini kila unapopiga, kipige picha na chenyewe. Kivuli kikilingana na kijiti, jua liko nyuzi 45, na hiyo unaweza kuirudia mezani kwa taa.

Halafu kivuli chenyewe si weusi. Kinapata mwanga wa anga, ndiyo maana kina ubluu kidogo, na udongo wetu mwekundu unarusha wekundu wake juu, chini ya tumbo la tembo na chini ya kidevu cha mtu. Ukipaka nyeusi tupu, tembo anaelea. Mimi hutumia leya mbili, yaani tabaka za picha zinazolaliana kwenye programu: moja nyembamba na nzito pale mwili unapogusa ardhi, nyingine pana na laini inayoondoka mbali.

Wapo wanaodai kazi hizi ni ujanja wa juzi, si upigapicha. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa anachapa picha za bahari kwa negativi mbili (picha za awali zenye mwanga na giza vilivyogeuzwa, ambazo ndizo huchapwa), moja ya maji na moja ya mawingu, kwa sababu kemikali za wakati ule zilichoma anga likabaki jeupe. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, akiwa Uingereza, aliunganisha negativi zaidi ya 30 katika picha moja, na Malkia Victoria akainunua nakala yake. Photoshop, programu ya kuhariri picha, ilitoka 1990, na leya zikaingia 1994. Ukifika Kolo, Kondoa, utaona michoro myeupe iliyopakwa juu ya myekundu ya zamani zaidi. Nayo ni leya, ingawa ile huwezi kuizima.

Programu ya gharama si lazima. GIMP ni bure na ina leya na barakoa, yaani njia ya kuficha sehemu ya leya bila kuifuta. Picha za mtandaoni, kinyume chake, si za bure kwa kuwa tu zimeonekana kwenye Google. Tuna Sheria ya Hakimiliki tangu 1999, na tembo wa mtu mwingine atakuja na jua la mtu mwingine. Na usihamishe faili kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana inabanwa. Itume kama dokumenti. Chapisho la A3 la nukta 300 kwa inchi linataka pikseli 3508 kwa 4961.

Tulirudia upigaji uani, saa kumi, meza ikiwa juani. Simu tuliigeuza kichwa chini ili lenzi ishuke, tukaiegemeza juu ya daftari nene hadi rula ikasoma 7.5. Tembo tulimchimbia kwenye tope la bakuli, na wakati wa kumkandamiza mguu wa nyuma ukakatika. Mwanafunzi akashika kichwa. Kwenye maonyesho hakuna aliyeuulizia mguu ule. Ulikuwa chini ya tope.