Pikipiki mpya nayo hupimwa mstari wa magurudumu

Kuna ujumbe unaozunguka sana kwenye magrupu ya waendesha bodaboda: pikipiki mpya imenyooshwa kiwandani, usiguse gurudumu la nyuma mpaka mwaka uishe. Si kweli.

Pikipiki nyingi hufika zikiwa ndani ya kreti, gurudumu la mbele na usukani vikiwa vimefunguliwa, kisha fundi wa dukani huziunganisha. Halafu cheni mpya hulegea mapema. Kila inapokazwa, gurudumu la nyuma huvutwa nyuma. Nati ya kukazia cheni ya upande mmoja ikizungushwa zaidi ya nyingine, gurudumu linakaa upande, halinyooki tena na la mbele.

Kupima ni uzi tu. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, usukani ukiwa umenyooka. Zungusha uzi nyuma ya tairi la nyuma, chini ya ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu), uvute pande zote mbili hadi mbele, ukigusa tairi hilo bila kulibonyeza. Tairi la mbele kwa kawaida ni jembamba, hivyo uzi hautaligusa. Nafasi ya kushoto na kulia ilingane. Isipolingana, legeza nati ya ekseli, rekebisha nati za kukazia cheni kidogo kidogo, kaza, pima tena. Alama zilizochongwa karibu na ekseli husaidia, ila mimi naamini uzi zaidi.

Mkanganyiko unaeleweka: pikipiki ikivuta upande, watu huwaza upepo wa tairi kwanza, basi husahau mstari. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.