Mabakuli ya mbao ya Hawaii: yanayosemwa na ukweli wake

Ukiuliza bakuli la kale la Hawaii lilichongwa kwa mti gani, wengi watakujibu koa. Ndio mti maarufu wa visiwa vile, mitumbwi ilitoka humo, na leo maduka yamejaa vyombo vya koa vinavyong'aa. Lakini kwa chakula, hapana. Koa ina uchungu unaoingia kwenye chakula, na poi, yaani rojo la magimbi au nduma, haina kiungo cha kuuficha. Wachongaji walipendelea kou, milo na kamani. Kamani ndiyo mtondoo wetu wa pwani, ule wanaoujua mafundi wa majahazi. Hata hivyo bakuli jipya halikutiwa chakula papo hapo: lilijazwa maji, yakamwagwa, yakatiwa mengine, mpaka ladha ya mti ikaisha.

Wengine husema duara lile haliwezekani bila mashine ya kukereza. Kabla ya nahodha Mwingereza James Cook kufika mwaka 1778 mashine hiyo haikuwapo. Fundi alikuwa na tezo la jiwe la basalti, na jiwe bora lilichimbwa kwenye mlima Mauna Kea, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Kilichobaki ni kusugua kwa matumbawe na mawe ya volkano, kisha kupaka mafuta ya kokwa za mti wa kukui. Duara lilipimwa kwa jicho tu.

Kwenye kutwanga ndipo sisi tunapokosea zaidi. Tukisikia magimbi yanatwangwa, tunaona kinu, mchi na wanawake wawili wakipokezana. Hawaii hakuna hata kimoja cha hivyo. Gimbi lilikuwa limeshaiva ndani ya imu, tanuri la shimo lenye mawe ya moto, likamenywa, kisha likawekwa juu ya ubao mrefu wenye kina kidogo. Wanaume wawili waliweza kukaa mmoja kila upande, kila mtu na jiwe lake la kupondea, pana chini na jembamba pa kushika. Mkono mmoja ulipiga, mwingine ulichovya maji na kulowesha kitako cha jiwe lisigande. Maji yakizidi, umeharibu: rojo zito ndilo lililokaa siku nyingi, na maji mengine yaliongezwa wakati wa kula.

Kwa nini wanaume? Sheria ya ʻai kapu iliwakataza wanaume na wanawake kula pamoja, hata imu zao zilikuwa mbalimbali, na kazi ya kupika ilikuwa ya wanaume. Sheria hiyo ilivunjwa mwaka 1819, Mfalme Kamehameha II alipoketi kula na wanawake mbele ya watu.

Bakuli lenye kiraka nalo hudharauliwa bure. Ufa ulizibwa kwa kipande cha mti chenye umbo la kipepeo, pewa, kilichochomekwa hadi kikabana. Chombo kilichozibwa hivyo mara nyingi kilikuwa kile ambacho nyumba haikutaka kukipoteza.

Na zile sinia zenye umbo la nanasi zinazouzwa kama urithi wa kale? Nyingi ni za mti wa mvua, uliotoka Amerika ya kitropiki na kufika visiwani karne ya 19, na nyingi zilichongwa Ufilipino kwa ajili ya watalii. Kwa saladi zinafaa sana. Geuza kitako kwanza uone ilichongwa wapi, kabla ya kulipa bei ya makumbusho.