Je, wajua kwa nini "fanya kazi vizuri" ni agizo bovu kwenye famasi?

Mimi jibu nilikuwa nalo zamani: mfanyakazi anayeharibu ni mvivu, basi. Kwenye famasi yetu ndogo hapa Jinja, Uganda, nilimwambia dada wa kaunta, yule wateja wanamwita musawo (yaani daktari), "angalia friji vizuri", na kila asubuhi aliiangalia kweli, anafungua, anafuta maji, anasikiliza kama inanguruma, anafunga. Siku moja napita nakuta kipimajoto kinasoma 12 na insulini imo humo humo, nikapandisha sauti. Akaniambia kwa upole, "Lakini bosi, si niliiangalia?"

Na hakudanganya. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, ila hiyo ilikuwa kichwani mwangu, yeye nilimpa "vizuri" tu. Kwa hiyo si uvivu, si shule ndogo, wala si mshahara (ingawa mshahara nao, tuyaache).

Ni kama umpe fundi kitambaa halafu ukatae kupimwa, eti nishonee gauni linikae. Atashona, tena kwa bidii, lakini atakata kwa mwili anaoukisia yeye, na akimaliza anaona amepatia. Mtu ukimwambia "jitahidi" anajikatia futi yake mwenyewe, na kwa futi hiyo anafaulu kila siku, sasa arekebishe nini?

Mwanasaikolojia Mmarekani Edwin Locke aliandika kuhusu hilo mwaka 1968. Kisha 1975 watafiti Latham na Baldes wakalijaribu kwa madereva wa malori ya magogo kule Oklahoma: walipoambiwa wajitahidi walibeba kama asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa, walipotajiwa lengo la asilimia 94 wakapanda hadi karibu 90, malori yaleyale na hela ileile!

Ila magogo si Panadol. Lori lina mzani, kaunta haina, na ukimpa mtu lengo la mauzo peke yake usishangae antibayotiki ikitoka bila karatasi ya daktari. Na mgeni wa kazi ukimtupia namba kabla hajazijua dawa unaweza kumvuruga zaidi.

Sasa kwenye mlango wa friji kuna karatasi: soma saa 2 asubuhi na saa 11 jioni, andika namba, ikitoka nje ya 2 hadi 8 nipigie kabla hujauza chochote cha humo. Wiki ya kwanza alinipigia mara tatu, mara mbili ni mlango ulikuwa haujashika.