Uvimbe wa utumbo, eosinofili nyingi: fikiria Basidiobolus kabla ya kusema saratani

Mgonjwa anakuja na maumivu ya tumbo ya miezi kadhaa, amekonda, na daktari akimpapasa upande wa kulia chini anakuta kitu kigumu. Picha ya CT inaonyesha ukuta wa utumbo mpana umenenepa, pengine na kivimbe kwenye ini. Hapo neno saratani linatajwa mapema, na familia inaanza kuaga. Mimi ni daktari wa patholojia, nasoma kwa darubini nyama iliyokatwa mwilini mwa mgonjwa, na ninaomba jina moja zaidi lifikiriwe kabla ya hukumu hiyo: Basidiobolus ranarum.

Huyu ni fangasi anayeishi kwenye udongo, kwenye majani yanayooza, na matumboni mwa vyura na mijusi. Afrika Mashariki si mgeni. Mwaka 1964 Denis Burkitt na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 31 wa Uganda waliokuwa na uvimbe mgumu chini ya ngozi, uliosababishwa na fangasi wa kundi hili. Ugonjwa wa tumboni ni adimu zaidi. Umeripotiwa hasa kusini magharibi mwa Saudi Arabia, Iran, Iraq, Oman na jimbo la Arizona, Marekani. Huko Arizona, wagonjwa 7 waliogunduliwa kati ya 1994 na 1999 wote walikatwa sehemu ya utumbo, kisha wakapewa itrakonazoli, dawa ya fangasi, kwa miezi. Inadhaniwa mtu humeza vimelea pamoja na udongo au chakula kilichochafuka. Hauambukizwi kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mwingine.

Kwenye darubini, kwanza naona eosinofili zimejaa kila kona, zile seli nyeupe za damu zenye chembechembe za rangi ya machungwa. Kisha naona mirija mipana yenye kuta nyembamba na vigawanyo vichache. Kwa rangi ya kawaida ya maabara, H&E, mrija wenyewe haushiki rangi vizuri, unaonekana kama tundu tupu. Kinachoufichua ni ganda zito jekundu lililouzunguka, tunaloliita Splendore-Hoeppli. Nikiona ganda hilo naagiza rangi nyingine zinazoonyesha fangasi, ya fedha au PAS, na mirija inajitokeza wazi.

Shida ni kuifikia nyama yenyewe. Fangasi huyu hujificha ndani ya ukuta, wakati kolonoskopi, kamera ya kuchungulia utumbo mpana, mara nyingi hudonoa juujuu tu. Majibu yanarudi "uvimbe usio mahususi", daktari anaandika Crohn, ugonjwa wa utumbo kuvimba kwa muda mrefu, mgonjwa anaanzishiwa steroidi zinazoshusha kinga ya mwili, na fangasi anapata nafasi ya kusambaa. Dalili nyingine tunaipuuza wenyewe: kipimo cha damu kinaonyesha eosinofili ziko juu, tunasema minyoo, tunatoa albendazoli, basi. Minyoo ni ya kawaida kwetu, sibishi. Lakini eosinofili nyingi pamoja na uvimbe wa utumbo zinastahili swali la pili.

Kwa madaktari wa upasuaji nina ombi ambalo nitalirudia kila nikipewa nafasi: msitumbukize nyama yote kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama. Fomalini inaua fangasi, na baada ya hapo hakuna cha kuotesha. Kateni kipande kidogo, kiwekeni kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi ya hospitali, kipelekwe maabara ya vimelea siku hiyo hiyo bila kuwekwa kwenye friji, na fomu iandikwe wazi "kuotesha fangasi". Fangasi huyu huota haraka, siku 2 hadi 3 zinaweza kutosha.

Akithibitishwa, tiba ni itrakonazoli au vorikonazoli kwa miezi mingi, mara nyingi hata baada ya uvimbe kukatwa. Amfoterisini B, ambayo wengi wetu tunaikimbilia kwa fangasi wa ndani, si ya kutegemea hapa. Kemotherapi, dawa za saratani, haina kazi kabisa. Mgonjwa arudi kliniki, apimwe eosinofili, arudie picha ya tumbo, na asiache vidonge kwa sababu tu maumivu yamekwisha.