Ngazi ndiyo inayopanga menyu

Nimepika miaka 18 katika mikahawa ya juu ya paa hapa Mji Mkongwe, Unguja, na jamaa wanaokuja kutembea kutoka Dar au Mombasa huniuliza swali lile lile: nikifika kwenye ile nyumba ya kizamani yenye bei kali, niagize nini? Wengi hukimbilia kamba koche kwa sababu ndiye ghali kuliko wote. Mimi huwaambia wahesabu kwanza vidato vya ngazi.

Nyumba kubwa za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ikizidi mita 3 hivi huanza kulegea, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, na mwenye mali aliyetaka nafasi zaidi alipanda juu. Ngazi zikabanwa kwenye kuta, kali, zenye kona za ghafla. Nenda mtaa wa Hurumzi uone, kwenye nyumba ambayo sasa ni hoteli. Nyumba ile ilikuwa ya Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyesimamia forodha zama za Sultani Barghash, ndiye huyo huyo aliyegharimia jengo la zahanati kongwe lile lenye roshani za nakshi, linalotazama bandari. Leo watu hula chakula cha jioni juu ya paa la nyumba hiyo, katika kibanda cha mbao kilicho wazi pande zote, wamevua viatu na kuketi juu ya mito, na chini yao kumetandazwa mabati ya mji mzima, minara ya misikiti na bahari. Sijui mahali pazuri zaidi pa kulia Unguja nzima.

Lakini chakula hicho chote lazima kipande. Katika nyumba nyingi za Lamu wajenzi waliliweka jiko juu kabisa, moshi upotee na upepo. Sisi wa mikahawa ya Unguja mara nyingi tunapika chini, kwa sababu ya maji, mitungi ya gesi na uzito wa vyombo, na kulibadilisha jengo la Mji Mkongwe si jambo la kuamua asubuhi ukatekeleza jioni. Mji umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kila tundu la ukuta lina kibali chake. Mahali nilipoanzia kazi jiko lilikuwa uani na meza zilikuwa ghorofa ya nne. Vidato 71. Wiki yangu ya kwanza nilichoma kamba wa meza ya watu 12. Walipofika juu walikuwa baridi na wagumu kama mpira, na meza nzima ikawarudisha. Mpishi mkuu, mama mmoja mtu wa Makunduchi, hakunikaripia. Aliniambia: "Mwanangu, humu ndani usipike cha kukimbizwa. Pika kinachojua kungoja."

Kinachojua kungoja ndicho chakula chetu wenyewe. Chukua biriani. Hapa kwetu wali na masala hupikwa mbali mbali na hukutana kwenye sahani. Nyama imelala kwenye mtindi, tangawizi, thomu na papai bichi, imeiva taratibu pamoja na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia, na kila ikitulia ndivyo iliki na mdalasini vinavyoingia ndani. Dakika 10 za ngazi haziiharibu, zinaimalizia. Pilau nayo iliyopaliwa makaa juu ya mfuniko hubaki na joto lake hadi juu.

Pweza wa nazi anataka akili zaidi. Anachemshwa mpaka alainike, kisha anaingia kwenye tui jepesi na kuachwa humo. Kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, hutiwa mwisho kabisa, na likishatiwa mchuzi haufunikwi wala hauachwi uchemke kwa nguvu, kwani tui likikatika hakuna dawa. Kwa hiyo mimi hutia kasimile pale mhudumu anaposimama mlangoni na sinia. Samaki wa kupaka humchoma chini, changu au kolekole, na mpako wa mwisho wa nazi, ndimu na pilipili hupanda ndani ya bakuli ukapakwa juu, mbele ya mgeni. Wageni hudhani ni maonyesho. Ni ngazi.

Sasa rudi kwa kamba koche. Akishatolewa motoni bado anaiva ndani ya gamba lake, na kati ya jiko langu na meza yako anapita ile hatua ya ulaini na kuiacha nyuma. Ukimtaka kweli, mle ufukweni Nungwi au Paje, hatua tano kutoka kwenye mkaa. Chipsi nazo hulowa kwa mvuke wao wenyewe, usiziagize kabisa. Muulize mhudumu kimoja tu: leo jikoni kuna nini kilichoanza asubuhi?

Fika mapema. Jua letu huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi, na adhana ya magharibi ikiwa inapokezana msikiti hadi msikiti ukiwa umeshaketi, hutaisahau. Miezi ya kusi, Juni na Julai hasa, omba kuketi palipokingwa, maana upepo unapoza mchuzi kabla hujamega mkate wa kumimina.

Na watazame wanaopandisha. Kuna jioni ninapowaza sana ngazi za aina hii zilipandwa na nani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897, na nyumba za matajiri wa mji huu ziliendeshwa kwa mikono ya watu waliomilikiwa. Kijana anayekuletea sinia leo amepanda mara 40 tangu magharibi. Anapofika kwako mpokee, mwambie ahsante, mpe bakshishi mkononi mwake.

Ukishanawa, usikatae kahawa. Huja na kipande cha halua, katika vikombe vidogo, chungu, ina tangawizi. Sisi huipandisha ndani ya dele la shaba lenye jiko lake dogo la makaa chini, na kati ya vyote ninavyovipika, ni hiyo pekee inayopanda vidato vyote 71 na moto wake wenyewe.