Je, wajua kwa nini santuri hulia nyembamba ukiichomeka kwenye AUX?

Unachomeka plagi nyekundu na nyeupe za mashine ya santuri kwenye tundu la AUX la amplifaya, yaani tundu la kawaida la kuingizia muziki, unashusha sindano, na kinachotoka ni muziki wa mbali: simbali zinachacharika, mwimbaji amekonda, gitaa la besi halipo kabisa. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba umeme unaotoka kwenye sindano ni mdogo, kwa hiyo ongeza sauti, au weka kikuzaji chochote katikati. Jibu hilo ni kweli nusu, na ndiyo sababu halifi.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Kartriji ni kifaa kidogo kinachobeba sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Ile ya sumaku inayosogea, iliyo ya kawaida kwenye mashine za nyumbani, hutoa kama milivolti 3 hadi 5. Tundu la AUX husubiri milivolti mia kadhaa, na mashine ya CD hufika volti 2. Kartriji ya koili (waya uliozungushwa) inayosogea ni dhaifu zaidi, mara nyingi milivolti 0.2 hadi 0.5. Ya kwanza huhitaji kukuzwa kama mara 100, ya pili kama mara 1,000.

Basi ikuze mara 100 kwa kikuzaji cha maikrofoni uone. Utapata muziki wenye nguvu ya kutosha, na besi bado haipo. Sababu ni kwamba muziki ulio ndani ya mfereji wa santuri ulipotoshwa makusudi kabla ya kuchongwa: besi ilipunguzwa, sauti za juu zikaongezwa. Spika hazina kosa, sindano haina kosa. Zinakuletea kwa uaminifu kabisa kitu ambacho hakuna aliyekusudia ukisikilize hivyo.

Upotoshaji huo una faida mbili. Kartriji ya sumaku hutoa umeme kulingana na kasi ya sindano, wala si umbali inaosogea. Ili noti ya hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) ifikie kasi sawa na ile ya hezi 1,000, mfereji lazima uyumbe kwa upana mara 20. Besi isipopunguzwa, mifereji itagongana au itabidi itenganishwe sana, na dakika za kila upande zitapungua. Faida ya pili iko juu: mchakacho wa vumbi na plastiki husikika zaidi kwenye sauti kali, kwa hiyo muziki wa huko huchongwa kwa nguvu, kisha wakati wa kucheza hushushwa pamoja na mchakacho huo.

Ni kama godoro lililokunjwa na kufungwa kamba ili lipite mlangoni. Kulisukuma kwa nguvu zaidi hulifikisha chumbani, lakini halilikunjui. Kazi ya kukunjua ni ya priampu ya fono, ambayo hukuza huku ikifuata kipimo kiitwacho RIAA, kilichokubaliwa Marekani mwaka 1954. Ukilinganisha na hezi 1,000, priampu hiyo huinua hezi 50 karibu mara 7, na kuteremsha hezi 10,000 hadi karibu moja ya tano. Kitufe cha besi cha amplifaya hakiwezi kuchukua nafasi yake: vingi huishia karibu desibeli 10, na mkunjo wake haufanani na wa RIAA. Santuri za kabla ya 1954 zilifuata vipimo tofauti kulingana na kampuni, kwa hiyo zikisikika nzito au kali kupita kiasi, huenda si kosa la vifaa vyako.

Kabla ya kununua priampu, tazama nyuma ya vifaa. Amplifaya yenye tundu la PHONO tayari inayo ndani. Mashine nyingi za santuri za siku hizi pia zinayo, na huwa na swichi ya PHONO na LINE: LINE hutumia priampu ya ndani, PHONO huiruka. Ukitumia AUX, weka LINE; ukitumia tundu la PHONO, weka PHONO. Ukiweka LINE kisha ukachomeka kwenye PHONO, muziki unakuzwa na kukunjuliwa mara mbili: besi inafurika na sauti inakwaruza, hivyo punguza sauti upesi. Kartriji za kauri, za kwenye mashine ndogo za bei nafuu, ni kesi ya pekee. Hutoa umeme mwingi na hufuata umbali wa sindano badala ya kasi, kwa hiyo huweza kuridhisha kwenye AUX bila priampu.

Priampu ikishaunganishwa, tatizo linalofuata kwa kawaida ni mvumo mzito usiokoma. Ni umeme wa ukutani wa hezi 50 au 60, ambao kwa bahati mbaya unaangukia palepale ambapo RIAA inainua zaidi. Funga waya mwembamba wa ethi wa mashine kwenye skrubu ya GND ya priampu au amplifaya. Mvumo ukibaki, sogeza mashine mbali na transfoma ya amplifaya. Ukipungua kadiri unavyosogea, umempata mkosaji.

Upande mmoja ukinyamaza, zima amplifaya, badilishana plagi nyekundu na nyeupe za mashine pale zinapoingia kwenye priampu, kisha washa. Ukimya ukihamia spika ya pili, kosa liko kwenye mashine, waya wake au kartriji. Ukibaki palepale, kosa liko kwenye priampu au kwenye vifaa vinavyoifuata hadi spika. Kwa kosa la mashine, chunguza kwanza nyaya nne zilizo nyuma ya kartriji: nyeupe na buluu ni za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Mara nyingi kiungo kimoja kimelegea tu. Kikaze kwa kibano ukishika kishikizo cha chuma, maana waya wenyewe hukatika kirahisi, na usiuchomee kwa risasi ukiwa bado kwenye kartriji: joto linaweza kukata koili iliyo ndani.